Vyuma Vilivyozoeana

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni mpaka mwisho au msisome kabisa. Mtu wa kuonja na kuacha simpendi, iwe chakula au maneno. Mnakuja hapa mashineni kwangu na pikipiki zinazolia kama bata aliyekanyagwa, nawauliza imekuwaje, mnanijibu, "Bibi, tumeweka kamshafti ya nguvu." Nguvu iko wapi? Juzi mmoja wenu kaisukuma kutoka Kiberege, jasho linamtiririka mpaka viatuni, pikipiki kaishika masikio kama mbuzi mkaidi. Basi kaeni chini. Nawaeleza habari za mtu ambaye angewafukuza na spana mkononi, kisha jioni angewaita mle naye.

Jina lake silitaji. Siyo kwamba ni siri. Hapa Ifakara hakuna aliyemwita kwa jina. Mafundi walikuwepo wa kila aina, wa baiskeli, wa cherehani, wa kujenga nyumba, lakini ukisema "Fundi" tu na kunyamaza, watu walijua ni yeye. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, hayo waulizeni ndugu zake. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, kwa hiyo aliniita shemeji, nami nilimwita shemeji au Fundi, kutegemea siku hiyo amenikasirisha kiasi gani. Mara nyingi nilimwita Fundi.

Nianze na ubaya wake, ili msije mkadhani namwandikia sala. Fundi alikuwa mwongo. Naandika hivyo na sifuti. Ukimpigia simu kwamba mashine imekwama na watu wamejaa, anakujibu, "Nipo njiani, shemeji," huku unasikia kuku wa nyumbani kwake wanagombana. Siku moja nilichoka, nikamfuata kwa miguu. Nikamkuta kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi, kanipa mgongo. Nikampigia nikiwa nimesimama nyuma yake.

"Nipo njiani, shemeji. Nimefika hapa sokoni."

"Geuka," nikamwambia.

Akageuka. Akaniangalia, akaiangalia simu, akairudisha sikioni. "Nimeshafika," akasema, na akakata.

Huyo ndiye niliyekuwa naye. Lakini uongo wake ulikuwa wa kesho na keshokutwa, wa barabarani, wa mvua ambayo haikunyesha. Akishafika na kushika injini, uongo unaisha. Sijawahi kumsikia akisema "itakuwa sawa" kwa jambo asilolijua. Mafundi wengine neno hilo ndilo la kwanza kuwatoka, hata kabla ya shikamoo.

Alikuwa Mndamba, mtu wa mto, nami nimetoka upande wa Mahenge, mtu wa mlimani. Hilo lilimpa maneno ya kula nayo. Nikimwekea perege wa kuchoma, ananitazama ninavyochambua miiba, anasema, "Ninyi Wapogoro mnakula samaki kama mnaogopa ataamka." Yeye alimaliza samaki mzima kabla sijafika kwenye mkia, kwa mikono yake yenye oili. Nilimpa sabuni. Akanawa. Ikabaki nyeusi. Oili ilikuwa imeingia kwenye ngozi siku nyingi kabla mimi sijaanza kumpa sabuni.

Kanisani alipiga ngoma. Siku moja ya Pasaka mpigaji wa ngoma ya pili alikuwa anachelewa, kidogo tu, sisi wengine hata hatukusikia. Fundi akaacha kupiga katikati ya wimbo wa Utukufu. Kwaya ikayumba, padri akageuka, watoto wakacheka. Yeye kaweka mikono magotini, anamsubiri mwenzake ajirekebishe. Baada ya misa mwenyekiti wa kigango akamwita pembeni kumkaripia. Fundi akamwambia, "Wewe ulitaka niendelee, halafu tuwe wawili tunaopiga nyimbo mbili?"

Sasa nifike kwenye kazi yake. Wengi wenu mnapanda injini kila siku na hamjui ndani mna nini. Mimi darasani sikukaa sana, lakini hili nilielezwa na Fundi jikoni kwangu, kwa vijiko na vifuniko vya sufuria, nikaelewa.

Injini inapumua. Ina mlango wa kuingizia hewa na mlango wa kutolea moshi, na milango hiyo inaitwa valvu. Anayefungua milango ni kamshafti, chuma kirefu kinachozunguka, chenye nundu. Nundu ikizunguka inasukuma tapeti, kichuma kifupi kinene kama kizibo. Tapeti inasukuma fimbo. Fimbo inainua roka upande mmoja kama pembea ya watoto, na upande wa pili wa roka unakandamiza valvu, mlango unafunguka. Wa kuufunga ni springi. Nundu ikipita, springi inairudisha valvu mahali pake, haraka, kabla pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, haijapanda kuikuta.

Nundu ikiwa ndefu, mlango unafunguka zaidi, hewa inaingia nyingi, injini inapata nguvu. Hapa ndipo ninyi vijana mnapoacha kusikiliza. Mnakimbilia dukani kununua nundu ndefu. Na springi je? Springi iliyozoea kurudisha mlango mdogo, utawezaje kuilazimisha kurudisha mlango mkubwa kwa kasi ile ile? Itachelewa. Ikichelewa, pistoni inapanda na kugongana na valvu. Mkiweka springi ngumu kupita kiasi nayo inakandamiza mno, tapeti inakwangua nundu mpaka inaisha. Fundi alisema hakuna kinachoitwa kamshafti ya nguvu. Kuna kamshafti na wenzake. Alisema hivyo kwa sauti kubwa, kila mahali, hata msibani.

Na hapo mtaniuliza, pikipiki yake mwenyewe ilikuwaje? Ilikuwa aibu. Taa ya baiskeli, kiti kilichofungwa kwa mpira, tangi la aina nyingine kabisa. Ilikohoa kutoka kwake mpaka kwangu. Nikamuuliza, "Fundi, wewe unayehubiri vyuma kupatana, na hii?"

"Hiyo ni maiti inayotembea, shemeji. Maiti haina masharti."

Alisikiliza injini kwa bisibisi. Alikuwa na moja ndefu, mpini wa mti. Ncha anaiweka kwenye kifuniko cha roka injini ikiwa inaunguruma, mpini anauweka kwenye mfupa nyuma ya sikio. Anafumba macho. Wateja walimcheka, walisema Fundi anaongea na simu ya mababu. Hakujali. "Sikio linasikia kila mpuuzi," alisema. "Mfupa unasikia ulichougusa."

Na alikosea pia. Lile la Namawala mnalijua, au wazee wenu wanalijua. Aliitwa kwenye mashine ya huko, wakati wa mavuno, akaweka bisibisi, akatikisa kichwa, akasema injini inagonga ndani, ifunguliwe yote. Ikafunguliwa. Hakikuonekana kitu. Kilichokuwa kinagonga ni kifuniko cha mkanda, nati imelegea, nje kabisa, hata mtoto angeiona. Watu walikuwa wamebeba magunia yao kupeleka kwingine, na mwenye mashine alisimama barabarani akimtukana mpaka akaishiwa. Miaka yote baadaye ukimkumbusha Fundi, anakunja uso. "Kulikuwa na kitu," anasema. "Kilijificha." Hakukubali kamwe. Nami sikukubaliana naye kamwe.

Sasa niwaambie jinsi alivyonifungia mashine mwaka ule wa mpunga mwingi.

Mashine ya kukoboa ndiyo aliyoniachia mume wangu. Shamba tuligawana na ndugu zake, nyumba ilikuwa ya udongo, mashine ndiyo ilikuwa mali. Ilisomesha watoto, iliezeka bati, iliwalisha wale mliowaona wakila kwangu na wale msiowaona. Umeme ulipofika, wenzangu walibadilisha wakaweka mota. Mimi nikabaki na injini yangu ya dizeli, silinda mbili, kwa sababu umeme ukikatika foleni yote ilihamia kwangu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mashine ya mwenzangu mmoja, kubwa kuliko yangu, na yeye alikuwa mtu wa kusimama mlangoni akihesabu wateja wangu kwa macho.

Mwaka ule watu walivuna mpaka wakakosa magunia. Wakaja kutoka Malinyi, kutoka Namawala, kwa baiskeli, kwa bajaji, kwa trekta. Na mwaka ule ule injini yangu ikaanza kuishiwa pumzi. Moshi mweusi. Ukimimina gunia inalegea, mlio unashuka, na mchele unatoka chenga tupu. Mteja wa Ifakara anaweza kukusamehe matusi, lakini kumpeleka nyumbani na chenga hakusamehe.

Fundi alikuja, baada ya kuwa njiani siku kadhaa. Akaweka bisibisi. Akafungua injini. Alikuwa na ubao wake wa mninga, una matundu yaliyopangwa kwa safu, na kila alichokitoa alikichomeka kwenye tundu lake. Tapeti ya kwanza na fimbo yake, ya pili na fimbo yake, mpaka ya nne. Akauegemeza ubao ukutani karibu na jiko langu, kwenye kivuli.

"Huu asiuguse mtu," akasema. "Kila tapeti na nundu yake. Zimesuguana miaka, zimezoeana. Hii imelika huku, ile imelika kule. Ukizibadilisha hazitajuana tena."

Kisha akachukua valvu akazipeleka kusagwa kwa fundi mwenzake mwenye mashine ya kusagia.

Nyumbani kulikuwa na mkwe wangu, mke wa mwanangu Deo, ninyi mnamwita Mama Neema. Wakati huo Neema hajazaliwa, bibi arusi mpya bado. Alikuwa msafi mpaka anachosha. Ukiweka kikombe chini ukakohoa, ukigeuka kimeoshwa. Alikuwa shambani wakati Fundi anaweka onyo. Akarudi, akakuta ubao umejaa vyuma vyenye oili nyeusi, karibu na chakula, na sisi tunatarajia wageni wa ubatizo wa mtoto wa jirani.

Akaviosha. Kwa sabuni ya unga na jivu. Alivisugua vikang'aa kama vijiko vya arusi. Akaweka ungo juani, pembeni ya mpunga, akavianika. Fimbo akazipanga upande, tapeti akazipanga katikati kwa duara, kama vitumbua. Na ubao nao akauosha.

Fundi akarudi. Akasimama mbele ya ungo. Deo akaanza kucheka, akamwona Fundi uso wake, akaacha.

"Nani kaosha?" Fundi akauliza, taratibu.

"Mimi, baba," Mama Neema akajibu, na alikuwa anasubiri kushukuriwa.

Fundi akachuchumaa. Akaokota tapeti moja, akaigeuza. "Asante, mwanangu," akasema. "Zinang'aa." Kisha akanigeukia mimi. "Shemeji, mashine haiwaki leo. Wala kesho."

Mama Neema akaelewa hapo, akaanza kulia. Nikamwambia anyamaze, machozi hayapangi tapeti. Nami nilikuwa na hasira, ila hasira nikaiweka kiunoni, nikafunga khanga.

Mchana wote Fundi alikaa na vile vyuma. Anachukua tapeti, anaiinamisha kwenye mwanga wa jua, anaipapasa kwa ukucha wa kidole gumba, anakwenda kwenye nundu, anaitazama, anarudi. Mbili alizitambua, akarudisha kwenye matundu yake. Mbili hakuzitambua. Akazilinganisha, akazigeuza, akazilinganisha tena. Mwisho akaziweka chini.

Deo akasema, "Fundi, hizi si zinalingana? Nimezipima. Urefu mmoja, unene mmoja."

"Zinalingana kwa jicho lako."

"Ziweke tu. Tujaribu. Watu hao pale nje."

"Ukijaribu itakoboa," Fundi akasema. "Siku chache itakoboa vizuri, utaniona mchawi niliyekucheleweshea riziki. Halafu tapeti italamba nundu isiyo yake, nundu itaisha, unga wa chuma utaingia kwenye oili, oili itaupeleka kila mahali. Hapo hutakuwa na injini, utakuwa na sufuria kubwa."

"Sasa tufanyeje?"

"Kamshafti mpya. Na tapeti mpya. Waanze kujuana upya."

Nje watu walishaanza kuvuka barabara. Wanabeba gunia, wananitazama kwa aibu kidogo, wanavuka. Mwenzangu wa ng'ambo hakuhesabu tena kwa macho, alihesabu kwa kidole. Deo akanijia karibu, akasema kwa sauti ya chini kwamba yupo fundi mwingine, kijana, hapo stendi, anaweza kuifunga ile injini kabla ya jua kuzama na ikawaka. Nyumba nzima ikanitazama.

"Mashine ni ya nani?" nikamuuliza.

"Yako, mama."

"Basi inasubiri."

Deo akaenda Dar es Salaam. Magunia ya akiba, yale ya kula mpaka msimu mwingine, yakatangulia sokoni. Aliporudi alikuwa amechangamka sana. Kabeba kamshafti kwenye gunia kama mtoto mchanga, inameta. Akaiweka mezani mbele ya Fundi.

"Hii ni ya lori," akasema. "Injini ni ukoo mmoja na yetu, silinda mbili vilevile, muuzaji kaniapia. Nundu ndefu. Fundi, ukifunga hii watasikia mpaka Malinyi."

"Na tapeti ziko wapi? Na springi?"

"Muuzaji kasema za zamani bado nzima."

Fundi akainuka. Akaichukua, akaiingiza kwenye injini. Ikaingia, laini kabisa. Deo akapiga makofi. "Umeona? Imeingia!"

"Hata mwizi anaingia," Fundi akasema. "Subiri wenye nyumba wamkubali."

Akamwita Mama Neema. Tangu siku ile ya ungo, mkwe wangu alikuwa akipita mbali na Fundi, macho chini. Fundi akamuuliza, "Mwanangu, una donge la unga wa chapati? Laini, lakini lisinate."

Mama Neema akakanda. Fundi akalipaka mafuta lile donge, akalibandika juu ya pistoni. Akafunga kichwa cha injini, akafunga fimbo na roka, kisha akaizungusha injini kwa mkono, polepole, anasikiliza. Akafungua tena. Akatuonyesha. Valvu ilikuwa imezama kwenye donge mpaka chuma cha pistoni kilionekana chini yake, kama alama ya kisigino kwenye tope.

"Hapa ni kwa mkono," akasema. "Ikikimbia, zitagongana. Nundu hizi zilitengenezwa kwa pistoni za lori na springi za lori. Hapa kwetu ni wageni."

Deo alilitazama lile donge kwa muda mrefu. Alitamani liseme jambo lingine. Kisha akalirudisha gunia begani, na kamshafti yake ya lori, akapanda basi tena. Safari hii Fundi alimsindikiza kwa maneno tangu nyumbani mpaka stendi: kamshafti ya injini yetu hii hii, tapeti zake, springi zake, fimbo zake, wote. Mmoja akikosekana, usije.

Akaja nao wote. Fundi alizipima springi kwenye mizani yangu ya kupimia mchele. Anaikandamiza moja mpaka kimo fulani, anasoma mshale, anaandika kwa mkaa sakafuni, anachukua nyingine. Zote zilisoma karibu sawa. Akaridhika. Nundu akazipaka grisi nzito kwa kidole, kila moja, hakuruka hata pembeni.

Injini ilipowaka Deo alishashika gunia. Fundi akasimama mbele ya mdomo wa mashine, mikono kaitanua. "Hapana. Iache ikimbie tupu. Isipunguze mwendo, isizimwe. Ndiyo kwanza zinasalimiana." Foleni nje ikapiga kelele. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Baba, hata mimi sijasalimiwa, nikoboleeni niende." Fundi akacheka, lakini mikono hakushusha.

Baadaye akazima, akafunua, akatazama, akafunga. Akasema, "Mimina."

Tukamimina gunia zima kwa mara moja, jambo ambalo siku za mwisho lingeifanya injini ile ipige magoti. Mlio haukushuka. Mchele ukatoka mzima, mweupe, punje kwa punje. Nikachukua konzi nikamwonyesha Deo. Nguvu aliyoifuata Dar haikuwa kwenye nundu ndefu, ilikuwa kwenye vyuma vinavyopatana.

Fundi alikula perege wawili siku hiyo. Ubao alituachia. Alisema ataufuata kesho, kwa hiyo nikajua hatarudi kuuchukua.

Na injini ikaendelea. Watoto wakakua, Neema akazaliwa, daraja la mto likajengwa, mashine ya ng'ambo ikabadilisha wenyewe. Fundi akaja mara kwa mara, akazeeka mbele yetu bila kutuambia. Miungurumo ile ya miaka yote ilikuwa imemla masikio. Ukimwita kwa nyuma hageuki. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, akaenda kuishi kwa mpwa wake. Watu wakaanza kumsemesha kama mtoto, kwa sauti kubwa na maneno machache.

Mavuno yaliyopita alipita hapa kwa bajaji, anatoka hospitali. Mpwa wake alikuwa anamrudisha nyumbani. Foleni kwangu ilikuwa imefika barabarani, magunia mpaka kwenye mtaro, umeme umekatika tangu asubuhi. Mashine ya ng'ambo ilikuwa imenunua jenereta, kwa hiyo nao walikuwa wanakoboa, na kijana wao alikuwa nje anawapungia mkono wateja wangu.

Bajaji ikapita, ikasimama mbele kidogo, ikarudi. Fundi akashuka na fimbo yake ya kutembelea. Deo akamwambia, "Shikamoo, Fundi." Hakusikia. Akapita katikati ya watu, akafika kwenye injini, akanyoosha mkono bila kumtazama mtu. Mama Neema ndiye aliyeelewa. Akakimbia ndani, akarudi na bisibisi ndefu yetu.

Mkono wake ulitetemeka mno, ncha ikawa inarukaruka juu ya kifuniko. Nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikaubana. Akaweka mpini kwenye mfupa. Akafumba macho. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Alikaa hivyo. Kisha akafumbua macho.

"Shemeji, zima."

"Kuna nini?" nikapiga kelele.

Hakunisikia, lakini aliniona mdomo. Akaweka vidole viwili pamoja, akavifungua haraka, akavifunga polepole. "Springi ya pili," akasema. "Imechoka. Inachelewa. Ikikatika, valvu inaangukia ndani, na pistoni ipo inapanda."

Mimi sikusikia tofauti yoyote kwenye mlio. Mchele ulikuwa unatoka mzima. Deo akaniinamia sikioni. Ana mvi sasa, na anaiendesha mashine vizuri, sina la kumlaumu.

"Mama, mzee hasikii hata kengele ya kanisa. Injini inavuta, unaona mwenyewe. Tukizima sasa hivi, hawa wote wanavuka, na msimu huu hawatarudi. Kumbuka Namawala."

Nilikumbuka Namawala. Nilimtazama Fundi. Hakuwa anaitazama injini tena, alikuwa ananitazama mimi.

"Nikiwa nimekosea," akasema, "mtanicheka, mna haki. Ila ukiifungua, usibadilishe moja. Zote. Mpya moja kati ya wachovu watatu itawatesa."

Kwenye foleni mwanaume mmoja alishainua gunia lake begani. Kijana wa ng'ambo akapiga mluzi.

"Zimeni," nikasema. "Deo, watu wa nje nitawaambia mimi mwenyewe. Mama Neema, leta ule ubao, uweke kivulini. Na asioshe mtu kitu."